Siku moja katika boti ya kukodi kwenye pwani ya Amalfi

MSAFIRI anayefika mji wa Sorrento, kusini mwa Italia, hukutana na mambo mawili kwa pamoja: mandhari ya kustaajabisha na msongamano wa magari usiokwisha.

Ni barabara moja tu inayopita kwenye ubavu wa majabali ya pwani ya Amalfi. Ilichongwa katikati ya karne ya 19, enzi za wafalme wa Naples, wakati ambapo vilivyopita humo vilikuwa ni farasi na mikokoteni. Leo hii mabasi ya watalii hulazimika kurudi kinyumenyume ili yapishane kwenye kona. Tangu mwaka 2022, katika baadhi ya siku za kiangazi, magari yenye nambari za usajili zinazoishia kwa tarakimu shufwa hupishana zamu na yale ya witiri.

Ndiposa kila mwenye uwezo, na hata baadhi yetu tusio nao, huelekeza macho baharini.

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi mjini Naples, ndiye aliyelizua wazo hilo mwezi Juni 2025. "Mjomba," akaniambia, "miaka yote hiyo umekuwa ukisahihisha habari za safari za watu wengine. Safari hii uende mwenyewe." Tulikuwa sita: yeye, mumewe, watoto wao wawili, mama mkwe wake na mimi. Tulichanga euro 780, takriban Sh116,000 kwa kiwango cha ubadilishanaji fedha cha wakati huo, tukakodi boti kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Nakiri kwamba kiasi hicho kilinikwaruza rohoni. Hata hivyo, katika makala haya nitajaribu kueleza kile ambacho pesa hizo hununua, yale ambayo hazinunui, na mambo ambayo Mkenya anayepanga safari kama hii, au anayeisoma tu kwa ajili ya maarifa, anafaa kuyafahamu.

Kwanza ni suala la mkataba, maana hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Sheria ya Italia inatofautisha namna mbili za kukodi chombo. Ya kwanza huitwa 'locazione'. Hapo mteja hukabidhiwa boti na usukani wake, na kuanzia dakika hiyo yeye ndiye nahodha na yeye ndiye mwenye kuwajibika, sawa na mtu aliyekodi gari la kujiendeshea. Ya pili huitwa 'noleggio'. Chombo huja na nahodha, na mwenye chombo hubaki na jukumu la usalama wa abiria, ambao hawafai kuzidi 12.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa boti yenye injini isiyozidi kilowati 30, yaani nguvu za farasi 40 hivi, inaweza kukodishwa kwa mtu mzima asiye na leseni yoyote, mradi asiende mbali na pwani. Huonyeshwa kwa dakika chache namna ya kuwasha injini na kushusha nanga, kisha husukumwa aende zake. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani hata katika kivuko cha Likoni hujipata peke yake miongoni mwa meli za abiria, mashua za wavuvi na merikebu za matajiri.

Sisi tulichagua ile ya pili. Lakini hata hapo hatukuponea. Wakala aliyetuuzia safari alikuwa ametutajia bei bila kufafanua kwamba mafuta yangelipwa kando jioni, kwa kadiri yatakavyotumika. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na maneno hayo kwa herufi ndogo mno, upande wa nyuma. Mhariri mzima, mwenye miwani yake puani, hakuligeuza karatasi! Msomaji asirudie kosa hilo. Aulize mapema iwapo bei inajumuisha mafuta, ada ya gati, na kodi, na akubaliane na wakala kuhusu kitakachofanyika endapo bahari itachafuka.

Boti yenyewe ilikuwa ya aina ambayo wenyeji huiita 'gozzo'. Ni chombo cha asili cha wavuvi wa Sorrento, chenye ncha omo na shetri, na tumbo pana linalokalia maji kwa utulivu. Zamani kilikwenda kwa makasia na tanga. Siku hizi kina injini ya dizeli, na sehemu ya mbele iliyokuwa ya nyavu na samaki imetandikwa magodoro ya kuotea jua. Ni kisa kile kile cha jahazi za Lamu zilizoacha kubeba boriti na kuanza kubeba watalii wa kutazama machweo.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mkavu wa maneno. Kabla ya kung'oa nanga alituonyesha yalipo majaketi okozi, akawavisha watoto, kisha akatuzuia kusimama kila mmoja akitafuta pembe nzuri ya picha.

Mara tu tulipotoka bandarini, mlima Vesuvio ulijitokeza nyuma yetu, ng'ambo ya Ghuba ya Naples. Una urefu wa mita 1,281 na bado ni volkano hai, ingawa mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1944. Mlipuko unaokumbukwa zaidi ni ule wa mwaka 79 Baada ya Kristo, uliozika miji ya Pompeii na Herculaneum.

Wachache hukumbuka kwamba siku hiyo palikuwa na safari nyingine ya vyombo katika ghuba hii hii. Mwanazuoni Pliny Mkubwa, aliyekuwa amiri wa manowari za Kirumi zilizokaa Misenum, aliamuru merikebu ziende kuwaokoa watu waliokwama ufuoni. Majivu na mawe yalipomzuia kutua alikokusudia, alielekea Stabiae, na huko ndiko alikofia. Mpwa wake, aliyebaki nyumbani, ndiye aliyekuja kuyaandika masaibu hayo. Nilimtazama mpwa wangu nikajiuliza kama angenifanyia ihsani hiyo.

Kuelekea magharibi, ufuo wa Sorrento ni ukuta mtupu wa majabali. Juu yake kuna mahoteli na chini yake kuna majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya maji, kwa kuwa mchanga haupo. Hili ni jambo ambalo Mkenya aliyezoea Diani au Watamu anafaa kujitayarishia. Fuo nyingi za pande hizi ni za kokoto, tena nyembamba, na sehemu kubwa yake hukodishwa kwa wafanyabiashara wanaotoza ada kwa kiti na mwavuli. Boti humwondolea mtu adha hiyo, kwani huogelea kwa kujirusha moja kwa moja kutoka kwenye ngazi ya shetri.

Baada ya kama nusu saa tulifika Punta Campanella, rasi inayotenganisha Ghuba ya Naples na ile ya Salerno. Jina hilo maana yake ni kengele ndogo. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu kila yalipoonekana matanga ya maharamia.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Juni 1558, manowari za Dola ya Uthmaniya zilivamia Sorrento na Massa Lubrense, zikachukua maelfu ya watu kwenda utumwani. Minara ya mawe inayoonekana hadi leo kwenye kila rasi ya pwani hii ilijengwa au kuimarishwa katika karne hiyo ya 16, kila mmoja ukionana na wa pili ili moto wa tahadhari ufuatane kutoka mnara hadi mnara. Ni karne ile ile ambayo Wareno walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, na mchoraji wa ramani ya ngome hiyo, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano. Pwani zote mbili zilijengewa kuta na watu walioogopa bahari yao wenyewe.

Hapo Punta Campanella ndipo abiria anapolazimika kuamua. Upande wa kulia, kilomita tano hivi kuvuka mlango wa bahari, kuna kisiwa cha Capri. Upande wa kushoto kuna pwani ya Amalfi. Mawakala hupenda kuuza vyote viwili kwa siku moja. Inawezekana, lakini nionavyo mimi, huko ni kuona kila kitu na kutotazama chochote.

Capri ina sifa zake. Mfalme Tiberius aliitawala dola nzima ya Kirumi kutoka humo kwa miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 37. Kuna majabali matatu yaliyosimama baharini, maarufu kama Faraglioni. Refu kuliko yote lina mita 109, na lile la katikati limetobolewa na mawimbi hadi boti hupita katikati yake. Kwenye jabali la nje kabisa huishi mjusi wa rangi ya samawati asiyepatikana penginepo.

Kisha kuna Pango la Samawati, ambalo mlango wake una kimo cha mita moja hivi tu juu ya maji. Mwanga wa jua huingilia tundu kubwa lililo chini ya maji, maji yakachuja rangi nyekundu, na kinachobaki ni ubuluu unaong'aa kutoka chini kwenda juu. Ieleweke kwamba boti ya kukodi haiingii humo. Abiria huhamishiwa vidau vya makasia, hulipa ada nyingine, hupanga foleni baharini, kisha hulala chali ili kichwa kisigonge mwamba. Mawimbi yakiinuka kidogo tu, pango hufungwa. Sisi tulikwenda kushoto.

Msomaji wa pwani atauliza: je, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa? Nilimwuliza nahodha swali hilo hilo, naye akanitazama kana kwamba nimeuliza kuhusu theluji. Katika sehemu hii ya Mediterania, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni sentimita chache, pengine kimo cha rula ya mwanafunzi au zaidi kidogo. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti hiyo hupita mita tatu. Sababu ni kwamba Mediterania imezingirwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake wa kuingilia Bahari ya Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu kwenye sehemu nyembamba zaidi. Mwezi huyavuta maji, lakini hayana njia ya kutosha ya kuingia na kutoka kabla ya mvuto kugeuka.

Mlango huo mwembamba unaeleza mengine pia. Maji yanayopotea kwa kuvukizwa na jua ni mengi kuliko yanayoletwa na mvua na mito, hivyo Mediterania ina chumvi zaidi kuliko Bahari ya Hindi, na mwogeleaji huelea kwa urahisi zaidi. Maji ya Atlantiki huingia juu juu kujaza pengo, na maji mazito ya chumvi hutoka kwa chini.

Vilevile ni bahari yenye uhaba wa rutuba. Vijimea vidogo vinavyotia maji ukungu ni vichache, ndiyo sababu mtu huona mwamba ulio mita kumi na zaidi chini yake kana kwamba anatazama kupitia kioo. Anayeyafahamu maji ya Malindi wakati Mto Sabaki umefurika, yalivyo mekundu kama chai ya maziwa, ataelewa tofauti. Hata hivyo asidhani uangavu ni dalili ya neema. Penye rutuba ndipo penye samaki wengi, na wavuvi wa Sabaki wanalijua hilo.

Tulipotia nanga kwa mara ya kwanza, karibu na Nerano, nahodha alizunguka mara mbili akichungulia majini kabla ya kuchagua mahali. Alikuwa akitafuta doa la mchanga, rangi nyeupe, na kuepuka madoa meusi. Madoa hayo ni malisho ya posidonia, mmea wa baharini unaopatikana Mediterania pekee. Ingawa wengi huuita mwani, ni jani kamili lenye mizizi na maua. Humea kwa sentimita chache tu kwa mwaka, huwapa samaki mahali pa kuzalia, na huzuia mchanga wa ufuo usihamishwe na mawimbi. Nanga moja inayoburutwa inaweza kung'oa kilichochukua miongo kukua.

Ni kwa sababu hiyo eneo la bahari la Punta Campanella lilifanywa hifadhi mwaka 1997, ambapo kuna sehemu zisizoruhusu boti kabisa na nyingine ambapo boti hufungwa kwenye maboya. Mkodishaji anayejiendeshea mwenyewe huwa hana habari hizo, na faini humfikia akiwa bado na taulo mabegani.

Maji ya Juni yalikuwa baridi. Nasema hivyo nikijua kwamba watoto wa mpwa wangu, waliozaliwa Naples, walikataa kutoka. Kwa aliyelelewa na maji ya Bahari ya Hindi, yanayokaribia joto la chai iliyosahaulika, maji ya nyuzi 22 au 23 humkata pumzi. Agosti huwa afadhali, ila Agosti ndipo Waitaliano wote wanapokuwa likizoni na bei kupanda maradufu.

Mbele kidogo ya Nerano kuna visiwa vitatu vidogo viitwavyo Li Galli. Hapa ndipo mapokeo yalipowaweka wale viumbe waliowarubuni mabaharia kwa nyimbo hadi wakavunja vyombo vyao miambani, kama isimuliwavyo katika utenzi wa kale wa Odisia. Wafasiri wetu hupenda kuwaita nguva. Sijafurahishwa na tafsiri hiyo. Katika michoro ya Wagiriki wa kale, viumbe hao walikuwa nusu mwanamke na nusu ndege, na mkia wa samaki waliwekewa karne nyingi baadaye. Tena jina lenyewe, Li Galli, maana yake ni majogoo. Katika karne ya 20 visiwa hivyo vilimilikiwa na wachezaji ngoma wawili wa ballet kutoka Urusi, kwanza Léonide Massine na baadaye Rudolf Nureyev, hadi Nureyev alipofariki mwaka 1993. Ni mali ya watu binafsi hadi sasa, na boti huvizunguka tu.

Kutoka hapo Positano huonekana kama nyumba zilizomwagwa kutoka mlimani, nyeupe, njano na waridi, moja juu ya kichwa cha nyingine. Kupiga picha ni bure. Chakula cha mchana si bure hata kidogo, na ndiyo sababu mama mkwe wa mpwa wangu, mwanamke mwenye busara, alikuwa amefunga mikate, jibini, nyanya na chupa tano za maji katika kikapu. Tulikula ndani ya boti, kivulini.

Kwa kutazama utajiri wa leo ni vigumu kuamini kwamba Positano ilipata kuwa kijiji cha kukimbiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wake wengi walipanda meli kwenda Marekani kutafuta riziki, sawa na mamilioni ya Waitaliano wa kusini waliopitia bandari ya Naples. Nyumba zilibaki zimefungwa. Watalii walianza kumiminika baadaye, hasa baada ya mwandishi John Steinbeck kuusifu mji huo katika jarida moja la Marekani mwaka 1953.

Mpwa wangu alinikumbusha jambo hilo kwa sababu ya kazi yake. Hospitalini hukutana na wagonjwa waliovuka bahari hii hii kutoka Libya na Tunisia katika vyombo ambavyo haviwezi kuitwa boti. Tarehe 3 Oktoba 2013, watu 368, wengi wao kutoka Eritrea, walikufa maji karibu na kisiwa cha Lampedusa, kusini mwa tulipokuwa. Maelfu wengine wamefuata tangu wakati huo. Hatukulizungumza kwa muda mrefu, kwa kuwa watoto walikuwa wakisikiliza. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye godoro jeupe, nikitafuna nyanya, ndani ya jaketi okozi ambalo sikulihitaji.

Baada ya Positano na Praiano, genge hugawanyika ghafla pahali paitwapo Furore. Bahari huingia ndani ya ufa mwembamba, na daraja la barabara limepita juu yake kwa kimo cha mita 30 hivi. Nahodha alipunguza mwendo. Ni katika maji ya karibu na hapo, mwezi Agosti 2023, ambapo boti ya kukodi iliyobeba familia moja ya Wamarekani iligongana na jahazi kubwa la matanga lililojaa watalii. Mama wa familia hiyo alirushwa majini na akafariki.

Boti hiyo ilikuwa na nahodha. Kwa hivyo kuwa na nahodha peke yake si hakikisho. Msafiri ana haki ya kutazama hali ya chombo, kuhesabu majaketi, kuuliza kuhusu bima na leseni, na kukataa kupanda endapo mtu wa usukani ananuka pombe au anachezea simu. Anapoogelea asiende mbali na boti, kwani rafadha ya chombo kingine haioni kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Mtu yeyote asipande ngazi ya shetri kabla injini haijazimwa. Nambari ya dharura ya walinzi wa pwani wa Italia ni 1530, na huita bila malipo.

Amalfi tulifika saa nane mchana. Mji huu mdogo, unaoweza kutembewa wote kwa robo saa, katika karne za 10 na 11 ulikuwa dola ya kibiashara iliyoshindana na Venice na Genoa. Wafanyabiashara wake walikaa Kairo na Konstantinopoli, wakiuza mbao na kununua viungo na hariri. Walifua sarafu za dhahabu za kuigiza zile za Waarabu ili zikubalike Afrika Kaskazini. Mji wa Pisa uliuvamia na kuupora mwaka 1135, na mwaka 1343 dhoruba ya bahari ilikokota sehemu yake ya chini.

Kumbi mbili za karakana ya kuundia merikebu zingali zimesimama karibu na gati. Waitaliano huziita 'arsenale', neno walilolitoa kwa Waarabu, 'dar as-sina'a', yaani nyumba ya ufundi. Mzizi huo wa Kiarabu ndio uliotupa sisi neno sanaa. Nilisimama chini ya matao yale nikiwa na furaha isiyo na maelezo. Mpwa wangu alisema ni jua.

Penye uwanja wa bandari pana sanamu ya Flavio Gioia, anayesifiwa kuwa mvumbuzi wa dira. Wanahistoria wengi hawaamini kwamba mtu huyo aliwahi kuishi. Inaelekea alizaliwa kutokana na sentensi moja ya Kilatini ya karne ya 16, iliyosema kwamba, kwa mujibu wa Flavio, ambaye alikuwa mwanahistoria, watu wa Amalfi ndio waliovumbua matumizi ya sumaku baharini. Waliofuata waliisoma sentensi vibaya, wakadhani Flavio ndiye mvumbuzi. Wachina walikuwa wameifahamu sindano ya sumaku mapema zaidi, na inawezekana mabaharia wa Amalfi waliiboresha tu. Lakini sanamu iko pale, na watu hupigwa picha nayo. Vijana wa chumba cha habari wanaodharau alama ya mkato wapelekwe wakaione.

Amalfi pia ni mji wa karatasi. Ufundi wake uliletwa na biashara ya Waarabu, na vinu viliendeshwa na maji ya kijito kinachoshuka bondeni. Mwaka 1231, Mfalme Frederick wa Pili alipiga marufuku hati za serikali kuandikwa kwa karatasi, akisisitiza ngozi, kwa kuhofia kwamba karatasi haingedumu. Mojawapo ya vinu hivyo sasa ni makumbusho.

Wakati wa kurejea, tukitazama nchi kavu kutoka baharini, ndipo nilipoelewa kazi iliyofanywa hapa. Mlima wote umekatwa matuta, na kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Juu yake hupandwa malimau marefu, yenye ncha, ambayo hufunikwa kwa nyavu wakati wa baridi. Hadi karne iliyopita waliokuwa wakiyateremsha hadi baharini ni wanawake, vikapu mabegani, ngazi mamia kwa mamia. Waliitwa 'formichelle', yaani sisimizi wadogo.

Matuta hayo si pambo. Ndiyo yanayozuia mlima usishuke. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1954, mvua kubwa ilisababisha maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 300 katika eneo la Salerno, zikiwemo Vietri, Maiori na Minori. Sasa vijana wanaona kukodisha chumba kwa mtalii kunalipa kuliko kupanda ngazi na kikapu, matuta yanaachwa, na kuta zinabomoka. Unesco iliitambua pwani hii kuwa turathi ya dunia mwaka 1997, kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono pamoja na uzuri wake wa asili.

Saa tisa upepo ulianza, kama nahodha alivyokuwa ametuonya. Wakati wa kiangazi nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa hupanda, na upepo wa baharini huvuta kujaza nafasi. Bahari iliyolala asubuhi huwa na vijiwimbi vya kupiga ubavu alasiri. Anayesumbuliwa na kichefuchefu aanze safari mapema, aketi karibu na shetri, na atazame upeo wa macho badala ya simu. Haya nayasema kwa ujuzi nilioupata kati ya Praiano na Punta Campanella.

Kuhusu viza, Mkenya huhitaji ile ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tangu Oktoba 2025, alama za vidole na picha ya uso zimeanza kuchukuliwa mpakani. Kutoka Naples hadi Sorrento kuna treni ya bei nafuu inayochukua zaidi ya saa moja, na mtu achunge mfuko wake humo. Asiyeweza kukodi boti nzima anaweza kupanda feri ya umma kati ya Sorrento, Positano na Amalfi kwa gharama ndogo zaidi. Ataona majabali yale yale, ila hataogelea.

Tulifunga boti Sorrento jua likielekea kutua. Mafuta yaligharimu euro 110, ambazo nilizilipa mimi kwa kuwa karatasi nilikuwa nimekaa nayo mfukoni siku nzima. Nahodha alinipa stakabadhi, kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaniuliza ninakotoka. Nilipomwambia Kenya, uso ukamfunguka.

"Malindi!" akasema, kisha akaongeza Watamu, na Mambrui. Alikuwa amefanya kazi huko misimu miwili ya baridi ya kwao, katika boti za uvuvi wa michezo, na Kiswahili chake cha samaki kilikuwa bora kuliko changu: nguru, kolekole, jodari, changu. Alitaka kujua bei ya kamba imefika wapi. Nikalazimika kumwambia kwamba mimi ni mtu wa Nairobi.